Sarafu za Mwanzo za Dhahabu za Marekani na Chanzo cha Uhaba Wake

Sarafu za mwanzo za dhahabu za Marekani zilitengenezwa katika kiwanda cha serikali mjini Philadelphia, kuanzia Julai 1795 hadi katikati ya 1834. Zilikuwa za dola 10, dola 5 na dola 2.50, zote za dhahabu ya karati 22. Mwanzoni hazikuandikwa thamani. Watu walizitambua kwa ukubwa na uzito. Sarafu ya dola 5 haikuwekewa thamani hadi 1807.

Nyingi ziliishia kwenye tanuru, na huko ndiko uhaba wake ulikoanzia. Sheria ya 1792 iliamua kwamba gramu moja ya dhahabu ni sawa na gramu 15 za fedha, ilhali Ulaya gramu hiyo hiyo ilipata fedha zaidi kidogo. Aliyezipeleka ng'ambo kuziyeyusha alipata faida. Mwishoni mwa 1804 utengenezaji wa dola 10 ukasimamishwa, na haukurudi hadi 1838. Pigo kubwa lilikuja na sheria ya 1834, iliyopunguza uzito wa dola 5 kutoka gramu 8.75 hadi 8.36. Dhahabu iliyokuwamo katika sarafu moja ya zamani sasa ilifikia takriban dola 5.33, kwa hiyo kuitumia dukani ilikuwa hasara.

Ndiyo maana idadi iliyotengenezwa humpotosha mkusanyaji. Mwaka 1815 zilitengenezwa dola 5 zipatazo 635 tu, na takriban 11 zinajulikana hadi leo. Za 1822 kumbukumbu zinataja 17,796, lakini zinazojulikana ni tatu. Huenda baadhi ya hizo 17,796 zilibeba tarehe ya mwaka uliotangulia, kwani kiwanda kiliendelea kutumia mihuri ya zamani hadi ichakae. Hata hivyo, tofauti hiyo inaeleza vizuri kazi ya tanuru. Mbili za 1822 zimo katika makumbusho ya Smithsonian. Ya tatu, iliyowahi kumilikiwa na mkusanyaji Louis Eliasberg, iliuzwa mnadani mwaka 2021 kwa dola milioni 8.4.

Kwa sababu hiyo, kukusanya sarafu ya kila mwaka ni jambo lisilowezekana kwa karibu wote. Njia ya busara ni kutafuta moja ya kila muundo. Dola 5 za 1806 na 1807 zimesalia nyingi kiasi, na ni mahali pazuri pa kuanzia.

Sarafu yenyewe ichunguzwe kwa kioo cha kukuzia, ikiinamishwa polepole chini ya taa moja. Mikwaruzo iliyonyooka sambamba, iliyofifia chini ya nywele za mwanamke anayewakilisha Uhuru au juu ya ngao ya tai, mara nyingi ni alama za tupa: kiwandani kipande kilichozidi uzito kilikwanguliwa kabla ya kupigwa chapa. Alama hizo ni sehemu ya historia yake, wala si uharibifu. Kasoro ya kweli ni tundu lililozibwa, au mabaki ya lehemu ukingoni, maana masonara waligeuza nyingi kuwa vidani. Uso unaong'aa kupita kiasi huashiria kusuguliwa, na thamani hushuka sana. Ghushi nazo zipo, nyingine za dhahabu halisi. Uzito na kipenyo vikilingana, bado herufi na nyota zilinganishwe na picha za mihuri inayojulikana ya mwaka huo.