Kukodi Wachukuzi wa Karafuu

Mashamba mengi ya Pemba yako vilimani na mabondeni, na gari halifiki. Basi kabla hamjakodi wachukuzi au gari la ng'ombe, nendeni nao mkaitazame njia. Patanani ujira kwa kila gunia lililofika kavu barabarani, wala si kwa siku. Alipwaye kwa siku hana haraka, na mvua haimngoji mtu. Magunia yahesabiwe shambani, kisha barabarani, mbele ya shahidi. Yafunikeni turubai, kwani karafuu zikirowa huvunda, rangi huharibika, na kituoni hushushwa daraja. Taabu ya msimu mzima hupotea kwa saa moja. Kazi ikisha, walipeni papo hapo, kama dini ituamrishavyo. Wabillahi taufiq.

Katibu