Kipimo cha Damu cha Mzio wa Vyakula vya Mimea: Maana ya Jibu na Mipaka Yake

Katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Kitahana na Kibondo, mlo wa kila siku hutokana kwa kiasi kikubwa na mimea: ugali wa mahindi au wa muhogo, maharage, ndizi, karanga na mboga za majani. Mtu anapovimba midomo, kuwashwa au kutapika baada ya kula, lawama huangukia mojawapo ya vyakula hivyo, na mgonjwa huuliza kama damu yake inaweza kupimwa ili chakula chenye kosa kijulikane. Kipimo kipo. Hata hivyo, jibu lake likisomwa vibaya linaweza kumnyima mtoto chakula anachokihitaji.

Kipimo hutafuta nini

Mzio, ambao wengi huuita aleji, hutokea pale kinga ya mwili inapoichukulia protini ya chakula kuwa adui. Mwili hutengeneza kingamwili aina ya E (IgE), ambazo hujishikiza kwenye seli maalumu za kinga zilizo katika ngozi, njia ya hewa na utumbo. Protini hiyo ikiliwa tena, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine ndani ya dakika chache, kwa kawaida kabla ya saa mbili kupita. Matokeo yake ni vipele vinavyowasha, uvimbe wa midomo na macho, kutapika, kukohoa, kubanwa kifua au kushuka kwa shinikizo la damu.

Kingamwili hizo zilitambuliwa katika miaka ya 1966 na 1967 na Kimishige na Teruko Ishizaka nchini Marekani, na Gunnar Johansson na Hans Bennich nchini Uswidi. Shirika la Afya Duniani lilizipa jina rasmi mwaka 1968. Katika kipimo cha leo, seramu ya mgonjwa hukutanishwa na protini za chakula kimoja, kwa mfano karanga, na IgE zinazonasa hapo huhesabiwa. Kwa miaka mingi kiwango cha 0.35 kU kwa lita kimetumika kama mpaka wa jibu chanya, ingawa mashine za sasa hupima hadi 0.10.

Si kila madhara ya chakula ni mzio

Kabla ya kuagiza kipimo, mtoa huduma hana budi kutenga sumu na mzio. Maharage mekundu yasiyoiva vizuri yana lektini, protini inayosababisha kutapika na kuharisha saa 1 hadi 3 baada ya kula, na mara nyingi huwapata wote waliokula chungu kimoja. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri hutoa sayanidi, inayoleta kizunguzungu, maumivu ya kichwa na kutapika. Sumu hiyo inapoliwa kwa muda mrefu na mtu asiyepata protini ya kutosha, inaweza kuleta konzo, ulemavu wa miguu ulioripotiwa Tarime mwaka 1985. Madhara haya hayahusiani na IgE, na kipimo cha mzio hakiwezi kuyaonyesha. Dawa yake ni maandalizi: kuloweka maharage, kumwaga maji hayo na kuyachemsha hadi yaive, kumenya muhogo, kuuloweka na kuukausha vya kutosha.

Jibu chanya si ugonjwa

Jibu chanya huonyesha kwamba mwili umetengeneza kingamwili. Halithibitishi kwamba mtu atadhurika akila. Tofauti hii ina uzito wa pekee mahali ambapo minyoo na kichocho ni vya kawaida, kwa sababu maambukizi hayo huupa mwili IgE zinazolenga sukari zilizoshikana na protini. Sukari za namna hiyo zimo pia katika mimea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watoto wa shule nchini Ghana ulionyesha kwamba wengi waliokuwa na IgE dhidi ya karanga hawakuwa na dalili yoyote, na kipimo chao cha ngozi kilikuwa hasi. IgE hizo zilihusishwa na kichocho.

Hatari ya kulipuuza hili ni kubwa. Chakula dawa anachopewa mtoto mwenye utapiamlo mkali kwa kawaida hutengenezwa kwa karanga. Mtoto anayekula karanga bila tatizo asizuiwe kuila kwa sababu ya karatasi ya maabara. Vilevile, kiwango cha 14 kU kwa lita, kinachotajwa vitabuni kuwa karibu na uhakika wa mzio wa karanga, kilitokana na watoto wa Marekani. Hakifai kuhamishiwa Kasulu bila tahadhari.

Vipimo vya IgG vinavyouzwa kama vipimo vya vyakula visivyopatana na mwili havithibitishi mzio. IgG huonyesha tu kwamba mtu amekula chakula hicho.

Muhogo na glavu

Muhogo na mti wa mpira ni wa familia moja ya mimea. Nchini Brazili wameripotiwa wagonjwa wenye mzio wa mpira waliodhurika kwa kula muhogo. Kwa hiyo mhudumu wa afya anayewashwa au kubanwa kifua akivaa glavu za mpira aulizwe pia kuhusu muhogo, ndizi na parachichi.

Nani apimwe, na kwa namna gani

Apimwe mtu ambaye dalili zake zilianza haraka baada ya chakula kinachotajika, hasa zikiwa zimejirudia. Apimwe kwa chakula hicho, si kwa orodha ndefu ya vyakula. Hahitaji kufunga kula wala kuacha dawa za mzio, tofauti na kipimo cha ngozi. Damu huwekwa kwenye kichupa kisicho na dawa ya kuzuia kuganda. Seramu hutenganishwa, huhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, kisha hupelekwa maabara ya rufaa pamoja na maelezo: alikula nini, kiasi gani, dalili zilianza baada ya muda gani. Jibu hasi nalo halifuti historia iliyo wazi. Mgonjwa wa namna hiyo apewe rufaa kwa mtaalamu.

Dharura haisubiri maabara

Mgonjwa anayebanwa pumzi, kuvimba koo au kuzirai baada ya kula apewe adrenalini (mg 1 kwa ml) mara moja, kwa sindano ya msuli upande wa nje wa paja: ml 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isizidi ml 0.5. Alazwe chali, miguu ikiinuliwa. Anayepumua kwa shida aachwe akae. Dozi inaweza kurudiwa baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Dawa za kupunguza mwasho haziwezi kuchukua nafasi ya adrenalini. Kipimo cha damu kitafanyika baadaye, mgonjwa akiwa salama.