Nyonga Kwanza, Mikono Ifuate

Ndugu wafanyakazi, nanyi akina mama mnaosoma ukurasa huu nyumbani, safari hii tuzungumze juu ya golfu. Msicheke. Mchezo huu si mgeni kwa watu wa mgodi: Lubumbashi umechezwa tangu enzi za Wabelgiji, na Mwadui kule Tanzania, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, kuna kiwanja cha golfu. Maumivu ya mgongo wa chini huwasumbua sana wachezaji wake, kama yanavyowasumbua wapiga nyundo.

Kosa ni la wakati. Fimbo ikifika juu, mtu huona haraka, akaivuta kwa mikono na mabega huku miguu imesimama kama nguzo. Msokoto wote huangukia kiunoni, na pingili za hapo hazikuumbwa kuzunguka sana. Nyonga ndizo zinazozunguka. Mmarekani Ben Hogan alifundisha katika kitabu chake cha mwaka 1957 kwamba kushuka kuanze na nyonga. Kushuka huko huchukua kama robo ya sekunde, hakuna nafasi ya kufikiri katikati. Lazima mwili uzoezwe mapema.

Zoezi halihitaji majani wala mpira. Kwetu Goma, penye mawe ya Nyiragongo ya mwaka 2002, tafuta kwanza mahali palipo sawa, usije ukateguka kifundo cha mguu, na watoto wakae mbali. Shika fimbo nyepesi, simama miguu ikiwa pamoja, kisha ipeleke nyuma polepole. Kabla haijafika juu kabisa, piga hatua moja na mguu wa kushoto kuelekea upande unaolenga. Uzito uhamie mguu huo, nyonga zigeuke, ndipo mikono ifuate. Anayetumia mkono wa kushoto abadilishe upande.

Sikiliza fimbo. Mlio wa “vuu” ukisikika begani, mikono imetangulia. Usikike chini, mbele kidogo ya pale ambapo mpira ungekaa. Fanya mara kumi, pumzika, rudia. Usione haya kwenda polepole: Hideki Matsuyama, Mjapani aliyeshinda Masters mwaka 2021, anajulikana kwa kutua kidogo fimbo ikiwa juu.

Kwa nyundo kubwa, hatua hiyo msiipige! Panueni miguu, mkabili jiwe, msijisokote. Ila utaratibu ni ule ule: magoti na nyonga zishuke kwanza, nyundo ije nyuma yake kwa uzito wake. Na miwani ya kazi ivaliwe, maana kipande cha jiwe hakingoji mtu.

Maumivu yakishuka mguuni, acha zoezi uje zahanati. Ukiona ganzi katikati ya mapaja, au mkojo unakataa kutoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mama, akikataa, mpeleke wewe.