Ukifika Mayotte, salamu kwanza

Wadau, leo twende Mayotte, kisiwa kilichopo kati ya Msumbiji na Madagaska. Ni mkoa wa Ufaransa tangu 2011 na pesa yake ni euro, ila wenyeji wengi ni Waislamu na Kishimaore chao ni ndugu wa Kiswahili.

Ukimkuta mtu sema "Jeje", atajibu "Ndjema", ndo uulize shida yako. Ukisikia "marahaba" usitafute shikamoo iko wapi, kule ni asante! Ukikaribishwa ndani, viatu mlangoni. Ukitoka ufukweni jisitiri, na Ramadhani usile barabarani mchana. Akina mama wakiwa wamepaka msindzano, yaani liwa, omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Sasa la nyeti. Tangu Ufaransa iweke viza 1995, watu wa Anjouan, kama kilomita 70 tu, huvuka kwa viboti viitwavyo kwassa-kwassa, na wengi wamezama. Waliofika wanaishi wakiwakwepa polisi. Kwa hiyo usimuulize mtu hadharani, "Wewe wa wapi, karatasi unazo?" Kwako ni stori tu, kwake ni kurudishwa na kuacha watoto.

Aliyewahi kufika atujazie hapo chini.