Lugha ya Miradi: Herufi Kubwa na Kazi Zake

Mtu asafiriye kati ya Masasi na Newala hukuta kando ya barabara mabango ya miradi: hapa kisima, pale darasa, mbele kidogo zahanati. Aghalabu mabango hayo hubeba herufi kubwa nyingi kuliko maneno. Wenyeji wa Mikoa ya Mtwara na Lindi wameishi na herufi za namna hiyo kwa muda mrefu. RIPS, kwa mfano, ilikuwa programu ya maendeleo vijijini iliyogharimiwa na Finland kuanzia mwaka 1988. TASAF ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulioanzishwa mwaka 2000. Hayo ni majina ya vyombo, na asiyejua kirefu cha jina hakukosa jambo kubwa. Ziko herufi nyingine ambazo ni majina ya zana za kazi: TOR, CPM, PERT, M&E. Asiyezijua hizi hawezi kuuhoji mradi unaojengwa mlangoni pake.

TOR ni hadidu za rejea, yaani maandishi yanayomweleza mtaalamu aliyetumwa achunguze nini, kwa muda gani, na arudi na majibu ya maswali yapi. Kazi anayotumwa mara nyingi ni upembuzi yakinifu: kupima kama mradi unawezekana, na kama faida yake itazidi gharama. Jambo hili huonekana dogo, na kumbe ndipo miradi mingi hufia kabla ya kuzaliwa. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield, kuchunguza kilimo kikubwa cha karanga kwa mashine katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Ujumbe ulifanya kazi kwa wiki tisa hivi, tena sehemu ya ardhi iliangaliwa kutoka angani tu. Ulipendekeza zaidi ya ekari milioni 3 zilimwe, kwa gharama ya paundi milioni 24 hivi. Kongwa, Urambo na Nachingwea, iliyo jirani na Masasi, zikachaguliwa. Huko Kongwa udongo uligeuka mgumu mno wakati wa kiangazi, na mvua haikutosha. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na paundi milioni 36 hivi zikafutwa vitabuni. Hata reli iliyojengwa kusini kwa ajili ya karanga za Nachingwea ilifungwa katika miaka ya mwanzo ya Uhuru. Wiki tisa hazitoshi kuushuhudia hata msimu mmoja wa mvua tangu mwanzo hadi mwisho. Hadidu za rejea zilizotoa muda huo zilikuwa zimekwisha kuamua jibu.

Zana ya pili nchini Tanzania huitwa bango kitita. Ilibuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani, USAID, kisha ikaenea kwa wafadhili karibu wote. Ni jedwali lenye safu nne za kulala, yaani shughuli, matokeo, madhumuni na lengo kuu, na safu nne za kusimama: maelezo, viashiria, njia za kuthibitisha, na masharti yaliyo nje ya uwezo wa mradi.

Tofauti ya matokeo na madhumuni huwatatiza wengi, nao Uwanda wa Makonde waweza kuifafanua vyema. Udongo wa uwanda huo hunyonya maji upesi, na chemchemi hutokea chini, mabondeni. Kwa sababu hiyo wanawake walikuwa wakishuka miteremko mirefu na kupanda tena wakiwa na maji kichwani. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mpango wa kusukuma maji kwa pampu kutoka bondeni hadi juu, na tangu miaka ya 1970 Finland pia iligharimia kazi za maji katika mikoa hiyo. Sasa, bomba lililolazwa na kioski kilichojengwa ni matokeo. Mama kuacha kushuka bondeni ndiyo madhumuni. Afya bora ya watoto wake ni lengo kuu. Mkandarasi aweza kukamilisha matokeo yote na kulipwa, na huku mama angali anashuka bondeni, kwa kuwa pampu haina nishati au vipuri. Neno hilo la nishati na vipuri mahali pake ni safu ya nne, ile ya masharti, ambayo kwa bahati mbaya hujazwa mwisho na kwa haraka.

Tugeukie sasa hesabu ya muda. Chukua mfano wa kubuni: shule ya sekondari katika Kata ya Chiungutwa yataka kujenga tangi la kuvuna maji ya mvua. Saruji na nondo zitaletwa kutoka Masasi kwa siku 4. Matofali ya saruji yatafyatuliwa na kumwagiliwa hadi yakomae kwa siku 21, lakini si kabla saruji haijafika. Msingi utachimbwa kwa siku 6. Kuta zitachukua siku 12, baada ya matofali na msingi kuwa tayari. Lipu na kukomaa kwake siku 10. Mifereji ya paa itafungwa kwa siku 8, wakati wowote. Kuiunganisha na tangi ni siku 2, na hii ndiyo kazi ya mwisho.

Ukijumlisha zote utapata siku 63, lakini jumla hiyo haina maana, kwa sababu baadhi ya kazi huenda sambamba. Henry Gantt, mhandisi wa Marekani aliyefariki mwaka 1919, alivumisha mchoro wa milia unaoonyesha usambamba huo. CPM, iliyobuniwa mwaka 1957 katika kampuni ya DuPont, huendelea mbele zaidi: hutafuta mfululizo mrefu kuliko yote wa kazi zinazotegemeana. Hapa ni saruji, matofali, kuta, lipu, kuunganisha: 4 + 21 + 12 + 10 + 2, yaani siku 49. Mfululizo huo huweza kuitwa njia ya hatari, maana siku moja ikipotea humo, mradi wote huchelewa siku moja. Msingi haumo: waweza kuchelewa siku 19 bila madhara. Mifereji yaweza kungoja siku 39. Msimamizi anayewagombeza wachimba msingi na kuwaachia wafyatua matofali wajiendee wenyewe amepotea njia.

Lakini siku 21 zilipatikanaje? Hapo huingia PERT, iliyobuniwa mwaka 1958 kwa ajili ya makombora ya Polaris ya jeshi la majini la Marekani. Fundi huulizwa makisio matatu. Mambo yakinyooka kabisa, siku 18, kwa kawaida, 20, yakiharibika, 28. Makisio ya kawaida huzidishwa kwa 4, yote hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa 6: 18 + 80 + 28 ni 126, na jibu ni 21.

Tuseme tangi litakiwe kuwa tayari tarehe 25 Novemba, kabla mvua hazijashika. Kwa kurudi nyuma siku 49, kazi yapasa kuanza tarehe 8 Oktoba. Hesabu ni sahihi, na mpango ni mbaya. Oktoba na Novemba ni miezi ya kuokota korosho, na wazazi waliotarajiwa kujitolea watakuwa mashambani. Hilo nalo ni la safu ya nne ya bango kitita. Aliyelijaza vyema angeanza kazi mwezi Agosti.

M&E ni ufuatiliaji na tathmini. Ufuatiliaji hufanywa mradi ukiendelea, na huuliza kama tunakwenda tulivyopanga. Tathmini huuliza kama tulivyopanga kulifaa. Vyote viwili huhitaji viashiria, na kiashiria chema ni kile ambacho mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kukipima. Kwa tangi la mfano wetu chatosha kimoja: tarehe ambayo maji yake huisha wakati wa kiangazi, ikiandikwa ukutani kila mwaka.