Miaka Ambayo Mlima Hauna Mizizi

Juni 2018, baada ya mvua kubwa ya usiku, ufuo wa Tolaga Bay, mashariki mwa Nyuzilandi, ulifunikwa na magogo. Yalikuwa mabaki ya uvunaji wa misonobari, yaliyoachwa milimani na kusombwa na mito.

Cha ajabu ni kwamba mingi ya misonobari ya eneo hilo ilipandwa ili kuukinga mlima. Mwaka 1988 kimbunga Bola kilimomonyoa malisho yaliyokuwa yamefyekwa msitu wa asili, na serikali ikagharamia upandaji wa miti. Lakini msonobari huvunwa ukifikisha miaka 25 hadi 30, na hapo ndipo hesabu ilipogoma.

Miamba ya huko ni laini, na udongo juu yake ni mwembamba. Mizizi ndiyo inayoufunga. Mti ukikatwa, kisiki hubaki lakini mizizi huanza kuoza: kwa mwaka mmoja na ushee tu, ile midogo hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Miche mipya hupandwa upesi, ila huchukua miaka kadhaa kabla mizizi yake haijakutana na kuushika mteremko. Mvua kubwa ikinyesha katika kipindi hicho, udongo huporomoka na kuzoa kila gogo lililo njiani.

Kanuni za kitaifa za mashamba ya miti zilikuwa zimeanza kutumika Mei 1, 2018, takriban mwezi mmoja kabla ya maafa. Ziligawa ardhi kwa rangi nne kulingana na hatari ya mmomonyoko: kijani, njano, chungwa na nyekundu. Kwenye nyekundu, kwa kawaida huvuni bila kibali. Ni mpango mzuri, lakini rangi hueleza mteremko tu. Haisemi mizizi iliyo chini yake ina umri gani.

Kimbunga Gabrielle kilipopiga Februari 2023, magogo yalirudi ufuoni. Mwaka huohuo kanuni zikakazwa: kwenye ardhi ya chungwa na nyekundu, vipande vya miti visivyooza vinavyozidi urefu wa mita 2 na unene wa sentimita 10 viondolewe, isipokuwa pale ambapo kuviondoa ni hatari, na kiasi kidogo kiliruhusiwa kubaki. Hilo linapunguza magogo, si maporomoko. Tume ya serikali iliyochunguza maafa hayo iligusa kiini iliposhauri kuacha kukata eneo kubwa kwa mkupuo. Ukivuna maeneo madogomadogo kwa zamu, sehemu ya bonde hubaki na mizizi hai kila mwaka. Wenye mashamba wanalalamikia gharama, na wana hoja: barabara za milimani na mitambo ya kuvuta magogo kwa kamba za chuma ni ghali, iwe umekata hekta 10 au 200.