Chakula cha Watu wa Mlima

Wiki ya pili ya kukaa kwa binti yangu Zürich, nilianza kutamani waru, viazi vya kwetu. Uswisi kuna viazi tele na mkate wao ni mtamu, lakini kila nilicholetewa kilikuja na jibini juu, na mimi nilitaka kitu chenye pilipili na mvuke. Jumamosi moja binti yangu, ambaye ni muuguzi huko, akaniambia, "Mama, vaa koti. Leo nakupeleka kula chakula cha watu wa mlima."

Tulishuka kwenye tramu tukaingia mkahawa mdogo wa Wanepali na Watibeti. Juu ya mlango palikuwa na kamba ya vitambaa vya rangi tano: buluu, nyeupe, nyekundu, kijani na manjano. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya mlima wenye theluji, nami nikasimama mbele yake bila kuvua koti. Nimezaliwa Kibirichia. Asubuhi ukifungua mlango wa jikoni, Kirimaara, yaani Mlima Kenya, iko pale, na kama hakuna mawingu unaiona theluji ya kilele chake, Batian, kabla hujawasha moto. Ule wa picha ulikuwa Everest, ambao Wanepali huuita Sagarmatha na Watibeti huuita Chomolungma. Una mita 8,849, wetu una 5,199. Hata hivyo nilijiona niko karibu na nyumbani kuliko siku zote nilizokuwa nimekaa katika mji ule.

Chakula cha kwanza kuletwa kilikuwa momo. Kwa msomaji ambaye hajaziona, momo ni vifuko vya unga wa ngano vilivyojazwa nyama au mboga na kupikwa kwa mvuke. Meza yetu ilitazamana na dirisha la jiko, kwa hiyo niliona zinavyotengenezwa. Mama mmoja wa rika langu alikata donge la unga kama la chapati, akalisukuma likawa duara jembamba la upana wa kiganja, jembamba zaidi pembeni kuliko katikati. Akaweka kijiko cha nyama iliyosagwa na kuchanganywa na kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu na dania. Kisha kidole gumba cha kushoto kikatulia juu ya nyama, na vidole vya kulia vikaanza kukunja ukingo, kunjo baada ya kunjo, huku kifuko kikizunguka chenyewe mkononi, mpaka mdomo ukafungika. Hakutazama mikono yake hata mara moja. Ndivyo alivyokuwa akisuka kiondo mama yangu.

Vifuko hupangwa kwenye sufuria ya ghorofa yenye matundu chini, maji yakichemka ghorofa ya chini kabisa, na baada ya dakika kumi na kitu viko tayari. Huliwa kwa kuchovya kwenye mchuzi wa nyanya na pilipili. Mchuzi ule ulinishangaza, kwa maana baada ya tonge la pili midomo yangu ilianza kufa ganzi na kusisimka. Nikamwambia binti yangu, "Huu ni mugucua!" Mugucua ni mti wa misitu ya kwetu wenye miiba, na wazee huchemsha magome yake kwenye supu ili kutuliza kikohozi na maumivu ya viungo. Wanepali hutumia punje za mti wanaouita timur, na hiyo miti miwili ni ya jenasi moja ya mimea. Bahari nzima iko kati ya milima hii miwili, lakini ulimi wangu uliutambua undugu huo kabla sijaelezwa na mtu.

Nilifundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka 31, na jambo moja nililowafundisha watoto lilinirudia pale mezani. Mombasa maji huchemka yakifika nyuzi 100. Kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa inavyopungua uzito, na maji huchemka mapema kabla hayajapata moto wa kutosha. Kwetu, kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Lhasa, mji mkuu wa Tibet, uko mita 3,650, na huko ni nyuzi 88. Maharagwe yanayoiva kwa saa mbili pwani yatakula kuni zako za siku nzima juu kule, na juu kule kuni zenyewe ni adimu.

Ukishalijua hilo, chakula cha Himalaya hakiwi tena fumbo. Unga wa momo husukumwa ukawa mwembamba, na mvuke huuivisha haraka. Tambi za thukpa, supu ambayo binti yangu aliagiza, nazo ni nyembamba na huiva haraka vilevile. Bondeni Nepal, kwenye joto na mashamba ya mpunga, chakula cha kila siku ni dal bhat, yaani wali na mchuzi wa kamande pamoja na mboga na achari. Wanaoishi juu ambako mpunga haukubali husonga dhindo, ugali wa wimbi, mahindi au ngano nyeusi, na huumega kwa vidole kama sisi.

Lakini kilichonigusa zaidi ni tsampa. Yule mama wa jikoni alipotoka kupumzika, binti yangu akamwambia kwa Kijerumani kwamba mama yake ni mkulima kutoka mlimani Afrika. Akaketi nasi. Aliniuliza tunalima nini, nikamjibu: viazi, mahindi, kabichi, na kuelekea Timau ngano na shayiri. Kusikia shayiri, aliinuka akaenda jikoni, akarudi na bakuli na buli.

Tsampa ni unga wa shayiri iliyokaangwa. Punje huchanganywa na mchanga uliopashwa moto kwenye karai mpaka zipasuke, mchanga huchekechwa, kisha punje husagwa. Unga huo tayari umeiva, haudai moto tena. Mchungaji anaweza kutembea nao siku nyingi kwenye mfuko wa ngozi, na jioni akahitaji chai tu. Chai yenyewe hutiwa siagi na chumvi badala ya maziwa na sukari, kwani mwili kwenye baridi ile hudai mafuta. Yule mama alimimina chai kidogo, akatia unga, akazungusha bakuli kwa mkono mmoja na kukanda kwa vidole vya mkono wa pili mpaka likawa donge. Akanipa. Lilikuwa na harufu ya mahindi ya kukaanga ambayo tulikuwa tukiweka mfukoni tukienda shule.

Nilikaa kimya kwa muda. Tangu utoto nimeona shayiri ikivunwa na kupakiwa kwenye malori kwenda kutengenezwa bia. Sikuwa nimewahi kuiweka mdomoni kama chakula.

Kisha vikaja viazi. Shogo ni kiazi kwa Kitibeti, na shogo khatsa ni viazi vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaangwa kwa pilipili, kitunguu saumu na manjano. Viazi asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Vilifika kwa Washerpa wa Khumbu, chini ya Everest, katikati ya karne ya 19, na vikafika Kenya na Waingereza mwishoni mwa karne hiyo. Msomi Christoph von Fürer-Haimendorf, katika kitabu chake cha 1964 juu ya Washerpa, aliandika kwamba viazi ndivyo vilivyowapa shibe ya kuongezeka na kujenga nyumba za ibada. Wengine wanasema biashara nayo ilichangia. Kwetu pia, Kenya nzima, viazi ni chakula cha pili baada ya mahindi, na karo ya watoto wengi wa Kibirichia, pamoja na huyu aliyenipeleka mkahawani, imetoka kwenye magunia ya waru.

Nilimuuliza yule mama alifikaje Uswisi. Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti, alikimbia Tibet Machi 1959, na maelfu wakamfuata India na Nepal kwa miguu, wakivuka theluji. Mwaka 1963 serikali ya Uswisi ilikubali kupokea 1,000 miongoni mwao. Baadhi yao walipata kazi na makazi katika kijiji cha Rikon, karibu na Winterthur, kwenye kiwanda cha sufuria cha akina Kuhn, na mwaka 1968 nyumba ya watawa wa Kibuddha ilifunguliwa kilimani juu ya kijiji hicho. Baba wa yule mama alikuwa mmoja wa wafanyakazi hao. Kiwanda hicho kilikuwa kikitengeneza pia sufuria za presha, zinazofungia mvuke ndani ili maji yapite nyuzi 100. Nilifikiria jambo hilo: watu waliotoka mahali ambapo maji hayapati moto wa kutosha, wakaishia kuunda chombo kinachotibu tatizo hilo.

"Baba hakutuachia shamba wala ng'ombe," alisema, na binti yangu akanitafsiria. "Alituachia namna ya kula."

Sahani zetu zilifika faranga 60 na zaidi, karibu shilingi 9,000 za Kenya kwa kiwango cha siku hiyo. Kwa pesa hizo, msimu wa mavuno mazuri, dalali angebeba kwangu magunia kadhaa ya viazi vya Shangi. Meza zote zilikuwa zimejaa Wazungu wakila shayiri na viazi vya wakimbizi, na yule mama hakuwa amebadilisha jina la chakula hata kimoja ili wakielewe. Walijifunza wao kusema shogo.

Sisi hatujapoteza nchi. Mlima wetu tuko nao. Lakini mgeni akija Kibirichia kutoka Nairobi, tunatuma mtoto dukani kununua mchele, na zile waru zinazochemka na maganda yake tunazifunika pembeni tuje kuzila wenyewe baadaye. Viazi vyetu tunavipeleka mjini kwenye lori, vikawe chipsi kwa jina la mtu mwingine. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, na nimeamua kuacha.

Niliporudi nilimwomba jirani debe moja la shayiri. Nimeikaanga kwa karai, nikaipeleka kwenye posho mill, na sasa nakoroga uji wake asubuhi kwa maziwa, maana siagi na chumvi ninawaachia wenyewe. Mwezi uliopita shemeji zangu walikuja kutoka Nairobi na watoto. Niliwaandalia waru za maganda kwenye sinia moja, zikitoa mvuke, na kando yake bakuli la nyanya, pilipili, dania na gome la mugucua nililochemsha na kulitia maji yake. Mtoto mdogo alichovya, akashika midomo, akaniuliza, "Cucu, hii inaitwa nini?"

Nikamwambia jina lake kwa Kimeru, nikamfanya alirudie mara tatu.